Altare na Madhabahu: Picha ya Isenheim na Kanisa la Bujora

Kiswahili kina maneno mawili kwa meza ile ambayo Wakristo huielekea wanaposali. Mkatoliki wa Mwanza husema altare. Biblia, na Waprotestanti waisomao, husema madhabahu. Kamusi huyaandika kama visawe, na kwa haja ya kamusi yatosha. Lakini kila moja limekuja na mzigo wake. Altare ni neno la Kilatini, ambalo tangu kale limehusishwa na kitu kilichoinuliwa juu. Madhabahu asili yake ni Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia dhabihu: maana yake ni mahali pa kuchinjia. La kwanza latazama kimo, la pili latazama damu. Katika makala haya nataka kuitumia tofauti hiyo kuwa kipimo cha kazi za sanaa zilizowekwa mbele ya watu wasalio, kwa sababu naona kwamba kanisa la Bujora limejaliwa altare nzuri kuliko nyingi za Afrika ya Mashariki, ilhali madhabahu yake bado haijatengenezwa.

Bujora ipo Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza kwa njia ya Musoma. Hapo, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao watu walizoea kuwaita Mapadre Weupe, na ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Altare yake ni mfano wa kiti cha enzi cha mtemi. Tabenakulo ni mfano wa nyumba ya mtemi, na mlangoni pake pana ngao na mikuki, alama ambayo Msukuma wa zamani hakuhitaji kufasiriwa: mwenyewe yumo nyumbani. Mafundisho ya Kikatoliki juu ya kuwapo kwa Kristo katika Ekaristi yamewatoa jasho wafasiri wengi. Hapa ngao moja na mikuki imeyasema bila ya neno lolote la kuazima. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua lugha ya vitu, na sisi tushughulikao na lugha ya maneno hatuna budi kumheshimu.

Tena kanisa hilo halikusimama peke yake. Palikuwapo waimbaji wa Bana Sesilia, waliotunga nyimbo za ibada kwa sauti za Kisukuma. Yakafuata makumbusho ya utamaduni. Na kila mwaka mwezi wa Juni, kuanzia Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, huchezwa ngoma za Bulabo, neno ambalo kwa Kisukuma ni maua, Bagika na Bagalu wakishindana mbele ya maelfu ya watu. Mtazamaji wa siku hiyo hawezi kusema kwamba dini imeletwa Usukuma kama mzigo wa mgeni.

Basi kimepungua nini? Ili kulijibu swali hilo yatupasa kutoka kwanza katika ziwa letu na kwenda mbali, mpaka mkoa wa Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, ambako imehifadhiwa picha ya madhabahuni iliyowasumbua wasanii wa karne ya 20 kuliko nyingine yoyote ya zamani zake. Naichukua picha hiyo kwa sababu moja tu: ilichorwa kwa ajili ya wagonjwa.

Mchoraji wake twamwita Matthias Grünewald, ingawa jina lake la kweli lilikuwa Mathis Gothart Nithart. Kati ya mwaka 1512 na 1516 hivi aliichora kwa ajili ya nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antonio katika kijiji cha Isenheim, mkuu wa nyumba hiyo akiwa Guido Guersi, Mtaliano. Watawa hao kazi yao ilikuwa kuwauguza watu waliopatwa na ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antonio. Leo twajua chanzo chake: ni kuvu aotaye katika nafaka iitwayo rai, jamaa ya ngano, ambayo maskini wa Ulaya waliisaga kwa mkate wao. Aliyekula unga wenye sumu hiyo aliwaka mwili mzima kama aliyetiwa motoni, akaona njozi za kutisha, kisha vidole na miguu ikashikwa na donda ndugu, ikawa myeusi na kuoza, mpaka ikakatwa au ikaanguka yenyewe. Watawa waliwapa mkate safi, mafuta ya kujipaka, na divai iliyokuwa imemiminwa juu ya masalia ya mtakatifu wao. Tena waliwapeleka mbele ya picha.

Waliona nini? Madhabahu hiyo ni kama kabati kubwa lenye milango iliyopandana. Katika siku za kawaida milango ilifungwa, na juu yake palikuwa na msalaba. Kristo wa Grünewald si yule tuliyemzoea katika picha za kalenda, mweupe, safi, aliyelala usingizi msalabani. Ni mtu mkubwa kupita wote waliomzunguka, ngozi imegeuka rangi ya kijani, imejaa vidonda na miiba iliyokatikia ndani, vidole vimekakamaa vikielekea mbinguni, miguu imevimba na kuchuruza. Mgonjwa aliyeletwa pale aliiona ngozi yake mwenyewe. Upande mmoja Maria, katika mavazi meupe, azimia mikononi mwa Yohane mwanafunzi. Upande wa pili yuko Yohane Mbatizaji, ambaye kwa Injili alikwisha kukatwa kichwa siku nyingi kabla, naye aonyesha kwa kidole kirefu kupita kiasi. Miguuni pake mwanakondoo achuruza damu ndani ya kikombe. Hapo ndipo neno letu la Kiswahili lifaapo kuliko lile la Kilatini: mahali pa kuchinjia.

Lakini siku ya sikukuu milango hiyo ilifunguliwa, na yule aliyeutazama msalaba muda wa juma zima akafunuliwa mambo mengine kabisa. Malaika wapiga zeze, Maria akimlea mwanawe aliyefungwa katika kitambaa kilichochakaa, na upande wa kuume Kristo akipaa kutoka kaburini ndani ya duara la mwanga wa manjano na nyekundu, hata sura yake yenyewe yakaribia kuyeyuka katika mwanga huo. Mikono ameinua, na makovu ya misumari yako palepale. Bali ngozi ni safi, haina hata kidonda kimoja cha yale maradhi. Mgonjwa aliahidiwa mwili. Nyuma yake tena ilikuwako milango ya tatu, iliyofunua sanamu za mbao alizozichonga Nikolaus Hagenauer, Mtakatifu Antonio akikaa katika kiti chake cha enzi, na pembeni picha ya majaribu yake. Pembeni kabisa mwa picha hiyo amekaa kiumbe mmoja nusu mtu, tumbo limejaa, ngozi imetokwa na madonda, mkono umebaki kigutu. Wengine humwita shetani, wengine humwita mgonjwa. Kwangu mimi Grünewald hakutaka tuwe na hakika.

Naomba msomaji aushike mpango huo wa milango, kwa maana ndio moyo wa hoja yangu. Kidonda ni cha siku za kazi. Mwanga ni wa sikukuu. Na kiti cha enzi, ambacho hapa Bujora ndicho cha kwanza kuonekana, kule Isenheim kimewekwa ndani kabisa, nyuma ya kidonda na mwanga, hata aliyetaka kukifikia ilimpasa kuvipitia vyote viwili.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa picha hiyo ilihamishiwa mji wa Colmar, na sasa imo katika makumbusho ya Unterlinden. Kwa muda mrefu ni wachache walioijali. Kilichoizindua ni vita. Mwaka 1917, Alsace ikiwa chini ya Ujerumani, ilipelekwa Munich kwa usalama, na mwaka 1918 ikaonyeshwa huko mpaka iliporudishwa Colmar mwaka 1919. Watu waliokuja kuitazama walikuwa wametoka katika miaka minne ya mauaji. Wamo waliokuwa wamepoteza viungo, kama wale wa Isenheim.

Miongoni mwa wasanii waliojifunza kwake, namweka Otto Dix mbele ya wengine. Dix alipigana katika vita hivyo, na kati ya mwaka 1929 na 1932 alichora picha ya vita, iliyopo Dresden, katika mbao nne zilizopangwa kama madhabahu: kushoto askari wakiondoka, katikati uharibifu, kulia wanaookolewa, na chini wamelala wafu au walalao. Juu ya uharibifu mzoga wa mtu umetundikwa katika vyuma, nao waonyesha kwa kidole. Ni kidole cha Yohane Mbatizaji, ila sasa hakuna Mwokozi mwishoni mwake. Dix alichukua milango ya kidonda akaiacha ile ya mwanga, kwa sababu hakuiamini, na uaminifu huo ndio uliomfanya mwanafunzi wa kweli. Pablo Picasso, aliyechora mfululizo wa picha za kalamu mwaka 1932 juu ya msalaba uleule, aligeuza viungo vyote kuwa mifupa. Ni ustadi mkubwa, lakini nauona kuwa mchezo wa mkono uliojua mno. Graham Sutherland, aliyepewa kazi ya kuchora msalaba kwa kanisa la Mtakatifu Mathayo huko Northampton, Uingereza, alikwisha kuona picha za maiti za kambi za Wanazi. Msalaba wake wa mwaka 1946 una miiba ya Grünewald na mbavu za wafungwa. Hapo desturi ilirudi nyumbani kwake, maana picha hiyo ilitundikwa mbele ya watu waliokuja kusali, si mbele ya wanunuzi.

Wa mwisho nitakayemtaja ni Jasper Johns, Mmarekani. Tangu miaka ya 1980 amenakili kwa karatasi ya kupitishia mistari ya askari aliyeanguka chini ya Ufufuko, na ya yule kiumbe mwenye madonda, kisha akaigeuza na kuificha ndani ya picha zake hata mtazamaji asiyeambiwa hawezi kuitambua. Wapo wamsifuo kwa siri hiyo. Mimi naiona kuwa desturi iliyofika mwisho wa njia: kidonda kimebaki, lakini mgonjwa hayumo tena. Katika miaka hiyohiyo, tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambulika Tanzania walikuwa wakifa huko Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili, ngozi zao zikiwa na madonda ambayo Grünewald angeyachora bila ya kuhitaji mfano mwingine.

Je, katika nchi zetu hakuna aliyechora hivyo? Yupo. Ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, mwanafunzi wa Margaret Trowell katika shule ya sanaa ya Makerere, ambako alitanguliwa na Mchaga mwenzake Sam Ntiro. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipewa kuta za Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote katika mji ulioitwa Fort Hall, ambao sasa ni Murang'a, nchini Kenya. Alichora picha tano: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Msalaba. Watu wote ni Waafrika, Kristo naye, na nchi ni ile ya miteremko na mabonde ya Murang'a yenyewe. Hayo leo hayashangazi. Zipo picha nyingi za Yesu mweusi, na nyingine zimepakwa rangi tu juu ya mchoro wa Kitaliano. Lakini tukumbuke mahali na wakati. Kanisa lile lilikuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, na hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 haikuondolewa mpaka mwaka 1960. Karibu kila nyumba ilikuwa na mfu wake au mfungwa wake, wala wafu wote hawakuwa wa upande mmoja. Serikali na kanisa walikuwa wamekwisha kuchagua ni wafu gani watakaokumbukwa. Njau akaweka ukutani mtu mweusi aliyeuawa kwa amri ya dola. Mama aliyefiwa na mwana aliyekataa kiapo aliweza kumlilia hapo, na mama ambaye mwanawe alinyongwa kwa kukila aliweza pia, wala picha haikumwuliza yeyote kati yao ametoka upande gani. Sijui kama waliomwagiza walikusudia hivyo. Picha ndivyo ifanyavyo.

Athari yake kwa wasanii waliofuata haikupita kwa njia ya kuigwa mistari. Njau alikataza jambo hilo katika maisha yake yote, akifundisha kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Alisimamia sanaa katika kituo cha Chemchemi, alichokianzisha Ezekiel Mphahlele huko Nairobi mwaka 1963, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyowapa wachoraji na waandishi wa Kiafrika ukuta na jukwaa ambavyo hawakuwa navyo. Jina hilo ni la mnyama paa na kitendo cha kupaa. Sarufi ingedai “paa apaa”, lakini wenye jina walitaka liruke, nasi tuliache liruke. Moto uliiunguza nyumba hiyo mwaka 1997, ukateketeza kazi nyingi, nayo ikajengwa tena.

Sasa turudi Bujora, tukiwa na vipimo viwili mkononi. Kiti cha mtemi katika miaka ya 1950 hakikuwa alama tupu ya heshima. Chini ya Waingereza mtemi alikuwa ndiye mwenye kutoza kodi na kutekeleza amri za kilimo na za kupunguza mifugo, amri zilizowaudhi wakulima wa Usukuma mpaka chama cha TANU kikakatazwa kuandikishwa humo tangu mwaka 1954 hata mwaka 1958, na mwaka huo huo wa 1958 Geita ikaingia katika machafuko. Wakati uleule, basi, ambapo wakulima walikuwa wakitetana na kiti, kiti kiliwekwa altareni. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikauondoa utemi wote. Kilichokuwa lugha hai kikawa kumbukumbu. Na leo mtoto wa shule aingiaye Bujora huelezwa maana ya ngao na mikuki kwa sauti ileile aelezwayo ngoma zilizomo makumbushoni. Simlaumu Padre Clement kwa kutojua ya 1963. Namlaumu, kama ni lawama, kwa kuchagua alama moja tu, ile ya ukuu, katika nchi ambayo mtu akiugua hakwenda kwa mtemi, bali kwa mganga, na kwenye kijumba kidogo cha mizimu uani kwake.

Maana pwani hii haikukosa vidonda. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika fuo za ziwa upande wa Uganda. Kichocho kimo majini mpaka leo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu, ambao wengi wao wamezikwa Igoma. Na mwezi Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Kwa upande wa maneno tunaye aliyeuchora mwili wa nchi hii bila ya kuficha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ambaye viungo vyake mwenyewe viliharibiwa na maradhi, alikimaliza kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, nacho kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Utasa wa Bugonoka, dawa za Kibuguma mganga, kuhara, homa, kuzaa na kufiwa, vyote vimo, kwa urefu ambao wasomaji wengine wameuona unachosha. Mimi nadhani ni urefu wa muuguzi. Kalamu imefanya kazi ambayo brashi haijaifanya.

Huko Unguja, katika kanisa la Mkunazini alilolijenga Askofu Edward Steere, bingwa wa lugha yetu, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, yasimuliwa kwamba meza imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Hapo hapana picha ya kutisha. Mahali penyewe pamesema. Lakini Bujora haikujengwa juu ya mahali pa namna hiyo, kwa hiyo yahitaji mchoraji.

Wala haihitaji kubomoa chochote. Bulabo ni milango iliyofunguliwa: maua, ngoma, watu maelfu, malaika wapiga zeze wakiwa Bagika na Bagalu. Kilichokosekana ni ile ya siku za kazi, mbao mbili za kufunga mbele ya tabenakulo Bulabo ikiisha, ili atakayekuja mwezi wa Oktoba peke yake, na kadi ya hospitali ya Bugando mfukoni, asikutane kwanza na kiti cha mtu mkubwa. Atakayezichora asimwige Grünewald, wala Njau; ngozi aitafute wodini, na maji ayatafute Igoma na Ukara. Pembeni, pale Grünewald alipomsimamisha Sebastiani, aliyeombwa wakati wa tauni, pangemfaa Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, akianziwa miguuni.